Nataka kuandika riviu za ndege za kuongezea kwenye simuleta, nipime nini?

chumbageni_boi
Wakuu habari zenu. Niko Tanga mjini, narusha ndege kwenye kompyuta ya nyumbani muda mrefu sasa, mimi natumia X-Plane 12 na binamu yangu ana Microsoft Flight Simulator ile ya 2020 kwa hiyo zote mbili nazijua. Kinachonisumbua ni hiki, ndege zinazokuja na simuleta yenyewe ni chache, za kuongezea ndo nyingi ila zinauzwa kwa dola, na ukitaka kujua kama inafaa unakuta riviu zote za Kiingereza, halafu nyingi mtu anasifia rangi na viti, anakuwekea skrinishoti ya jua linazama, basi. Mtu wa huku ameshatoa hela, bando limeisha kwenye kudaunlodi, anakuja kukuta ndege haipandi wala haishuki inavyotakiwa na hela hairudi.

Nimeamua niandike mwenyewe kwa Kiswahili. Ya kwanza nataka iwe Cessna Caravan kwa sababu ndo ndege ya kwetu, hapa Tanga unaziona zinatua na kuondoka kwenda Pemba na Unguja na Dar, hata mtu asiyejua ndege anaitambua ile yenye bawa juu na injini moja mbele. Sasa mimi sio rubani. Napima nini mpaka mtu aniamini? Na ndege ikikatakata kwenye kompyuta yangu ni haki kusema ndege mbaya au kompyuta yangu ndo ndogo?

sahare_kwetu
Andika mkuu tutasoma. Ombi langu moja, mwanzoni kabisa weka bei, weka ni GB ngapi, weka kama inahitaji intaneti muda wote ukiwa unaruka. Sisi wa bando hivyo ndo vitu vya kwanza, mengine baadae. Na useme toleo namba ngapi umejaribu, maana zinabadilika sana, ile A320 ya bure ya FlyByWire mtu anaweza kuisema vibaya kwa toleo la zamani na wenyewe walishairekebisha kitambo.

fundi_PT6
Kijana usihangaike na hilo la urubani. Mimi nimestaafu, nipo Bagamoyo, kazi yangu ilikuwa injini na hizo PT6 za kwenye Caravan nimezifungua na kuzifunga sana. Simuleta naitumia jioni. Nakwambia vitu vingi unaweza kuvipima bila kushika usukani wa ndege ya kweli hata siku moja, unachohitaji ni macho na kitabu cha ndege.

Anza kabla hujawasha. Siku ukipita uwanjani hapo Tanga itazame Caravan iliyoegeshwa, angalia propela. Mapanga yake utakuta yamegeuka ubavu, makali yameelekea mbele, na mara nyingi yamefungwa mkanda. Kwenye PT6 turbini inayozungusha propela haijaungwa kwa chuma na ile inayozungusha kompresa, kinachopita kati yao ni gesi ya moto tu, kwa hiyo injini imezimwa lakini upepo ukivuma propela inaweza kuzunguka yenyewe, ndo maana wanafunga. Na mapanga yanakaa ubavu kwa sababu kinachoyaweka kwenye pembe ya kazi ni presha ya oili, injini ikizimika presha inaondoka, springi na vizani vinayarudisha. Sasa fungua ndege yako ya kwenye simuleta ikiwa imeegeshwa, injini imezimwa. Ukikuta mapanga yamekaa bapa kama ya Cessna 172 ujue aliyeitengeneza hakuiangalia ndege, aliangalia picha. Hilo unaliandika na mtu yeyote wa Tanga anaweza kwenda kuhakikisha kwa macho yake.

Halafu kuwasha. Utaratibu ni betri iwe na volti 24 au zaidi, unawasha stata, unasubiri Ng, yaani mzunguko wa kompresa, ipite asilimia 12, ndo unafungua mafuta kwa ule mkono wa tatu, wa mafuta. Moto unashika, ITT ambayo ni joto la ndani ya turbini inapanda haraka kisha inashuka, Ng inatulia kwenye asilimia 52 hivi. Propela inachelewa, inaanza polepole baada ya kompresa, ile ya kuanza zote kwa mpigo sio PT6. Sasa jaribu kuikosea kwa makusudi, fungua mafuta mapema Ng ikiwa chini, au washa betri imechoka. Kwenye ndege ya kweli hapo joto linaruka, kikomo cha wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 na hiyo ni kwa sekunde 2 tu, ukizidisha umeunguza injini ya mamilioni. Ndege nzuri ya kuongezea itakuadhibu. Ile mbovu utafungua mafuta unavyotaka na itawaka vizuri tu, hiyo haimfundishi mtu kitu.

Ya tatu na hii wengi hawaijui. Kwenye 208B, aina moja ya Caravan, yenye injini PT6A-114A, ile ya nguvu za farasi 675, kikomo cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha propela, wakati wa kuruka ni futi-pauni 1,865 propela ikiwa mizunguko 1,900 kwa dakika. Hakuna kitu cha kuizuia isipite. Kwetu huku pwani usawa wa bahari ukisukuma mkono wa nguvu mpaka mwisho torki inapita kikomo, ni rubani ndo anaangalia saa ya torki na kuacha hapo hapo. Kwa hiyo sukuma mpaka mwisho uone. Ikijisimamisha yenyewe kwenye 1,865 imeundwa kwa urahisi wa mchezaji, andika hivyo. Halafu panda nayo futi 10,000 na zaidi siku ya joto, huko juu torki yenyewe hupati tena ile, ITT ndo inafika kikomo kwanza. Ndege inayokupa nguvu ile ile chini na juu haijui hewa.

Angalizo kubwa. Caravan inayokuja na Microsoft Flight Simulator 2020 ni Grand Caravan EX, ina PT6A-140 ya nguvu za farasi 867. Hiyo ni injini nyingine na namba zake nyingine. Usije ukaipima kwa kitabu cha 675 ukasema imekosewa.

chumbageni_boi
Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, hii ya mapanga kesho hiyo hiyo naenda kuangalia. Swali, namba za kasi na kupanda nalinganisha vipi wakati huku kwetu mchana ni nyuzi 32 na vitabu naona vinasema 15?

fundi_PT6
Marahaba. Kitabu kina jedwali za joto tofauti, lakini kwa ajili ya riviu, izime ile hali ya hewa ya moja kwa moja, weka mwenyewe nyuzi 15 usawa wa bahari, presha 1013, upepo sifuri. Hapo ndo unalinganisha. Ukishamaliza ndo unarudisha joto la Tanga na kuangalia imepungua kiasi gani. Uzito pia uweke sawa na jedwali, wa juu kabisa kuruka kwa 208B ni pauni 8,750, karibu kilo 3,970. Na angalia kama ina lile sanduku la mizigo tumboni, kitabu kina jedwali mbili, yenye sanduku na isiyo nalo, kwa sababu sanduku linakula kasi. Watu wanalisahau kila siku.

bi_raskazone
Nimefurahi kuona uzi huu, na mimi ni wa Tanga. Kwenye swali lako la kompyuta, haki ni kuandika mashine yako wazi, prosesa gani, RAM ngapi, kadi ya grafiki gani, skrini ukubwa gani, halafu kabla hujaruka na ndege mpya ruka na ndege iliyokuja na simuleta sehemu ile ile, saa ile ile, wingu lile lile, andika fremu kwa sekunde. Kisha ya kuongezea. Tofauti kati ya hizo mbili ndo mzigo wa ndege yenyewe, na hiyo namba hata mwenye mashine tofauti na yako inamsaidia. Ukisema tu "nimepata fremu 25" hujasema kitu. Na angalia ndani ya kokpiti na nje, mara nyingi kokpiti ndo inayolemea, hasa zile zenye skrini za kioo.

Kingine chagua njia moja uitumie kwa kila ndege ndogo utakayoipima. Mimi natumia HTTG kwenda HTPE, Tanga Pemba, ni kama maili 45 za baharini, kwa Caravan ni dakika 20 hivi, unapanda, unatulia juu ya maji kidogo, unashuka. Fupi ila ina kila kitu. Ukishairuka kwa ndege nyingi unaanza kusikia tofauti mkononi bila kuambiwa.

Usisahau joistiki yako. Kama huna pedali za miguu na umewasha ile ya simuleta kukusaidia usukani wa mkia, hutaona ndege ikivutwa kushoto ukiweka nguvu kwenye ranwei, na Caravan inavuta kweli. Zima misaada yote kabla ya kupima, na utaje kama ulitumia kijoistiki cha kuzungusha au pedali. Nimeshasoma riviu mtu anasema ndege "imetulia sana" kumbe kompyuta ndo inamshikia.

kijana_wa_dunda
Mi nina maoni tofauti kidogo, mzee na dada mniwie radhi. Watu wengi humu wanataka kurudi kutoka kazini, kuruka Bagamoyo kwenda Unguja kwa kufuata fukwe, kuangalia chini, basi. ITT na Ng hawajui na hawataki. Ukiandika riviu yote ni joto la turbini watakukimbia. Mimi ndege nilizozipenda zaidi ni zile sauti yake tamu, vioo safi, inatua vizuri. Kuna ndege zimejazwa mifumo mpaka kuiwasha tu ni robo saa. Mtu ana saa moja ya umeme na utulivu nyumbani, hiyo sio raha.

bi_raskazone
Mdogo wangu hapo una hoja, na ndo maana riviu lazima iseme ndege ni ya nani. Ila kutua vizuri unakokupenda wewe ndo hizo hizo namba za mzee. Caravan ina flapu kubwa sana, vile vibao vya nyuma ya bawa, ukizishusha pua inataka kuinuka na unatakiwa uisukume na kurekebisha trimu, ile ya kukushikia pua isikuchoshe mkono, na kuna kasi zake, flapu zikiwa nyuzi 10 usizidi noti 175, nyuzi 20 noti 150, nyuzi 30 noti 125. Ukija na flapu zote kwenye noti 75 mpaka 85 inatakiwa iwe imekaa mkononi mwako. Kwenye ndege mbovu ukishusha flapu haitikisiki, au inaruka juu bila sababu, na kwenye noti 80 bado inaelea tu haitaki kugusa chini. Hata asiyejua ITT ni nini hilo atalisikia, atasema tu "hii ndege haitui vizuri" na hatajua kwa nini. Kazi ya mwandishi ni kumwambia kwa nini.

fundi_PT6
Kijana wa Dunda sikupingi. Sauti nayo pima. Ukiwa nje mbele ya PT6 inayozunguka bila kazi unasikia mluzi wa turbini, ukiwa pembeni unasikia propela inavyokata hewa, ndani ya kokpiti ni mngurumo mzito. Kama sauti ni ile ile pande zote wamerekodi mara moja wakaibandika. Na ukivuta mkono wa nguvu nyuma baada ya magurudumu kugusa chini, mapanga yanageuka kusukuma hewa mbele ili ndege ipungue kasi, sauti inabadilika kabisa, wewe wa Bagamoyo mwenzangu ukiwahi kuteremka na Caravan Unguja unaijua hiyo sauti.

kijana_wa_dunda
Naijua mzee, ile ya kuunguruma ghafla mkishagusa chini. Kweli kwenye yangu haipo. Nilikuwa nahisi kuna kitu kinakosekana.

sahare_kwetu
Na uaminifu jamani. Kama umenunua sema umenunua, kama mtengenezaji amekupa bure sema amekupa bure. Na za wizi usizipime kabisa, nyingi ni toleo la zamani limekatwakatwa, utamhukumu mtu kwa kazi ambayo sio yake.

chumbageni_boi
Nimenunua kwa hela yangu mkuu na risiti nitaiweka. Basi nimepanga hivi, X-Plane 12, 208B ya farasi 675 yenye sanduku la mizigo, kuegeshwa na kuwasha kwanza, halafu jedwali la kitabu kwa nyuzi 15, halafu HTTG HTPE kwa joto la kweli la mchana na misaada yote imezimwa, mwisho fremu ikilinganishwa na Cessna 172 iliyokuja na simuleta. Mwanzoni kabisa bei na GB. Jina la mtengenezaji na toleo nitataja nikishamaliza vipimo vyote, sitaki kumsema mtu nusu nusu. Mzee, kwenye kuzima, kuna cha kuangalia?

fundi_PT6
Kipo. Usizime ghafla, rudisha nguvu chini kabisa uiache itulie angalau dakika moja joto lishuke, halafu vuta mkono wa propela mpaka mwisho uone mapanga yanageuka ubavu huku kompresa bado inazunguka. Ndo ukate mafuta. Hapo sikiliza Ng ikishuka, inatakiwa ichukue muda, mluzi unafifia taratibu. Ikikata pwaa mara moja, andika.