Kuongea na mwanasaikolojia ukiwa Masasi: video, simu ya sauti au meseji?

Mtama Njiapanda:
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe njia. Mhusika ni mtu mzima, yuko Masasi, ana wasiwasi na usingizi wa shida, hajawahi kulazwa. Mwanasaikolojia yuko Dar, kikao dakika 50, mara moja kwa wiki, na anaanza na vikao 8 kabla ya kutathmini. Amempa uhuru wa kuchagua video, sauti au maandishi. Nyumba ina vyumba vitatu, kuta za kati zimeishia usawa wa mlango na juu ni bati tupu. Simu ni ya kawaida ya Android. Ipi inafaa?

Bin Mikindani:
Nianze na bando maana ndilo watu hulipigia hesabu. Dakika 50 za video hula kati ya MB 250 na 500, kutegemea programu na ubora wa picha. Sauti kupitia WhatsApp ni kama MB 20 hadi 40. Simu ya kawaida haili bando, inakula dakika, na inapita hata kwenye kitochi.

Ila kinachoharibu video mara nyingi ni mtandao unaoyumba, hata bando likiwa la kutosha. Sauti ikichelewa sekunde moja, mnaanza kuongea kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, mnaanza tena. Kwenye maongezi ya kawaida hilo ni kero tu. Kwenye tiba ni hasara, kwa sababu ukimya ni sehemu ya kazi. Mtaalamu asipojua kama umenyamaza kwa sababu jambo limekugusa au laini imekufa, atauvunja ukimya huo kwa "haloo, unanisikia?" na ulichokuwa unakitafuta kinapotea.

Kubalianeni kabla: simu ikikatika, mtaalamu ndiye anayepiga, mteja anasubiri. Zikipita dakika 5, mnahamia simu ya kawaida. Bila hivyo mtapigiana kwa wakati mmoja na kila mmoja atakuta laini inatumika.

Dada wa Shangani:
Mmekimbilia mtandao, ilhali mwenye mada ameshaitaja shida yake: kuta. Hedifoni zinaficha maneno ya mtaalamu tu. Ya mhusika yanapita juu ya ukuta hadi chumba cha tatu, na mtu anayejua anasikilizwa hasemi la maana. Atajibu "sijambo, naendelea vizuri" kwa dakika zote 50 na atalipia.

Achague mahali kwanza, njia itafuata. Gari lililoegeshwa na vioo vimepandishwa linafaa sana. Ofisi au darasa baada ya saa za kazi pia. Akilazimika kubaki nyumbani, redio iwekwe nje ya mlango wake, upande wa wanaosikiliza, siyo ndani alipo yeye. Wawe pia na neno la siri: akisema "tutaongea bei ya korosho", mtaalamu anaelewa kuna mtu ameingia na anabadili mazungumzo. Na kuanzia Novemba hadi Aprili akumbuke mvua. Bati likianza kupigwa hamsikizani, kwa hiyo awe na siku ya akiba.

Msaidizi wa Kliniki:
Naongeza upande wa tiba yenyewe. Kwa wasiwasi na usingizi, sauti inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Video naiona ya lazima kikao cha kwanza: kuhakikisha anayeongea ndiye mhusika, kuona uso, mikono inayotetemeka, mwendo uliopungua kasi. Watoto nao ni video, tena na mzazi jirani. Mtoto wa miaka 8 hawezi kukaa na simu sikioni dakika 50.

Usingizi utampa hesabu za kuandika, na hapo meseji ina kazi yake. Kwa wiki moja au mbili anaandika kila asubuhi alipanda kitandani saa ngapi, alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka saa ngapi. Mfano: kitandani saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 9. Kama usingizi halisi ni saa 5 na nusu, amelala asilimia 61 ya muda huo. Lengo la kawaida ni 85. Mtaalamu atampunguzia muda wa kitandani ukaribie usingizi halisi, siyo chini ya saa 5, na saa ya kuamka haibadiliki hata Jumapili. Usingizi ukishika, anaongezewa dakika 15 hivi kila wiki. Wengi hushindwa wiki ya kwanza kwa sababu uchovu unazidi kabla ya kupungua, halafu wanalala mchana. Dereva wa bodaboda au mwenye kifafa asijaribu hili bila kusimamiwa.

Fomu za kupima dalili pia zitumwe kabla ya kikao. Ya sonona yenye maswali 9 inahesabiwa 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtaalamu huchunguza zaidi. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Hilo lisijibiwe kwa meseji usiku halafu likae bila kusomwa hadi kesho.

Mzee wa Newala:
Msidharau maandishi. Kuna mambo, hasa ya ndoa na ya aibu, mtu hawezi kuyatamka hata akiwa peke yake shambani, lakini akiyaandika yanatoka. Shida ni kwamba yanabaki kwenye simu, na simu zetu zinashikwa na nyumba nzima. Azime maandishi ya ujumbe yasijitokeze kwenye kioo kilichofungwa. Aweke meseji zijifute: WhatsApp inatoa saa 24, siku 7 au siku 90. Aangalie pia nakala inayohifadhiwa Google Drive, kwa sababu hailindwi kwa kiwango sawa na mazungumzo yenyewe mpaka uwashe ulinzi huo kwenye mipangilio. Na atazame vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya ofisini ikiwa bado imeunganishwa, siri haipo.

Msaidizi wa Kliniki:
Sahihi, mzee wangu. Amuulize na mtaalamu: kumbukumbu anaziweka wapi, na je, anarekodi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuna wasiofaa kuanzia mtandaoni kabisa: anayesikia sauti zisizokuwepo, mwenye mpango wa kujiua, anayetetemeka kwa kuacha pombe ghafla. Hao ni wa kupelekwa hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Hata kwa huyu wa Masasi, mtaalamu awe na jina la kijiji au mtaa, namba ya ndugu mmoja na hospitali ya karibu. Akiwa Dar na namba ya simu tu, hana pa kumtuma mtu.

Dada wa Shangani:
Na asilipie vikao vyote 8 kwa mkupuo kisa hela ya korosho imeingia. Alipie viwili, vitatu. Hapo atajua kama wanaelewana.

Mtama Njiapanda:
Asanteni sana. Basi video kikao cha kwanza, kisha sauti akiwa ndani ya gari, na meseji kwa daftari la usingizi. Swali dogo: linki iliyokuja imeandikwa "Jumanne 2:00". Ni saa mbili usiku au saa nane mchana?

Bin Mikindani:
Hapo ndipo vikao vya kwanza vinapopotea. Mwambie mtaalamu aandike kwa saa 24: 20:00 au 14:00, na aongeze "usiku" au "mchana". Mhusika akija kupata mtaalamu aliye Uingereza, sisi tuko mbele kwa saa 3 kipindi chao cha baridi na saa 2 kipindi cha joto. Wao hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo wiki hizo mbili athibitishe upya.