Forester ya tabo inapiga mbawa nikiachia mafuta: valvu ya sauti, ya kiwandani, au niizibe?

Waja Leo (Chumbageni, Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Forester SG5 ya tabo (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini), gia za mkono. Wiki ya tatu sasa, nikiachia mafuta ili nibadili gia inatoa mlio kama njiwa anayepiga mbawa, halafu inavuta kwa uzito. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Nikikanyaga kutoka Pongwe kwenda Muheza naona moshi mweusi kwenye kioo. Gereji ya kwanza wamesema valvu ya kupumulia tabo (inayotoa hewa iliyobanwa ukiachia mafuta) imekufa, ninunue ile ya kutoa hewa nje yenye sauti. Gereji ya pili wanasema nitafute ya kiwandani iliyotumika. Jirani yangu anasema niizibe kabisa. Nishike lipi?

Fundi wa Ngamiani
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Hiyo inanukia tundu. Sailensi ikiyumba, kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa inayoipima. Moshi mweusi ukikanyaga, kuna hewa iliyokwishapimwa inayotoroka njiani. Na tundu moja linaweza kufanya yote mawili: kwenye sailensi manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) inavuta, tundu linanyonya, tabo ikijaza, tundu lile lile linatema. Kompyuta imeshamwaga petroli kwa hewa iliyoihesabu, hewa yenyewe haipo.

Sasa hiyo valvu. Inapokea amri kwa kampira kembamba kanakotoka manifoldi. Ukiachia mafuta, throto (mlango wa hewa ya injini) inafunga, kampira kanavuta diaframu (ngozi nyembamba ndani ya valvu), valvu inafunguka, na hewa iliyokwama inarudishwa kwenye mdomo wa tabo. Kampira kakipasuka, amri haifiki. Hewa inagonga mlango uliofungwa na kurudi kwenye mapanga ya tabo. Ndio mlio wako huo. Utaweka valvu mpya tatu na mlio utabaki pale pale.

Mzee wa Chaser (Raskazone)
Mimi natumia ya kutoa nje, mwaka wa pili huu, sijaona moshi wala kukohoa. Chaser, 1JZ-GTE. Kwa nini mnamtisha mwenzetu?

Fundi wa Ngamiani
Shekhe, yako inasoma presha ndani ya manifoldi. Ukimwaga hewa nje, hesabu haiharibiki. Yake ina sensa inayopima hewa pale baada ya chujio, kabla ya tabo. Akiimwaga nje, kila akibadili gia injini inapewa petroli ya hewa ambayo haikufika; inashtuka, na plagi zinajaa masizi. Sensa ndiyo inayoamua, sauti ije baadaye.

Mzee wa Chaser (Raskazone)
Hapo nimekuelewa. Nafuta ushauri wangu kwa Forester.

Mama Wawili (Korogwe)
Kaka, la kuziba usilisikilize. Mimi napanda Mombo–Lushoto mara kwa mara, na mlima ule ni kubadili gia kona hadi kona. Kila ukiachia mafuta unapiga mapanga na beringi za tabo. Valvu ya kiwandani ni nafuu kuliko tabo.

Ila angalia mipira unayowekewa. Mimi fundi mmoja aliniwekea mpira wa dripu. Joto la boneti likaulainisha, ukawa unajibana wenyewe ukivutwa, gari ikawa nzima asubuhi na mgonjwa mchana. Nilihangaika nayo sana. Sasa nina silikoni nene, inavumilia joto vizuri. Nyembamba usikubali, nayo inajibana. Na silikoni usiiweke palipo na mvuke wa oili, inavimba na kulegea. Hapo bora mpira wa kawaida unaohimili oili.

Waja Leo
Ahsante dada. Fundi, nitalipataje tundu? Mashine ya moshi kwetu sijaiona.

Fundi wa Ngamiani
Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachokaa kwenye mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo, toboa, funga valvu ya tairi ya tyubulesi. Toa mpira kwenye sensa, chomeka kifuniko, ukaze klipu. Injini imezimwa. Jaza kwa kompresa ya pancha taratibu, usizidi bar 1, huku ukipaka povu la sabuni kila kiungo: bomba la mikono miwili chini ya intakula (kipoza hewa ya tabo), mpira wa throto, viungo vya T. Ukisikia hewa kwenye kifuniko cha oili usihangaike, inaweza kuwa imepitia njia ya kupumulia injini. Klipu za zamani zitazame kwa makini, chumvi ya bahari huku kwetu inazila.

Valvu yenyewe ijaribu kwa mdomo: weka mpira safi kwenye kile kichuchu chake kidogo, vuta, ziba kwa ulimi. Ikishikilia, diaframu ni nzima.

Waja Leo (siku mbili baadaye)
Wakuu, povu limetoka chini ya intakula! Kiungo cha T cha plastiki kimekatika nusu, na kampira ka valvu kamepasuka mwishoni, mahali palipofichwa na klipu. Valvu nimeivuta, imeshika ulimi. Nimebadili T, nimeweka mpira mpya. Leo nimekwenda Muheza na kurudi: mlio hakuna, moshi hakuna, sailensi imetulia.

Fundi wa Ngamiani
Hongera. Kabla hujafunga intakula moja kwa moja, shika na kampira ka westigeti (mlango unaoizuia tabo isijaze kupita kiasi). Kakichomoka, tabo haizuiliki, inajaza kupita kiasi, na hapo unapoteza pistoni.

Waja Leo
Nimekakuta kagumu kama kijiti. Kesho asubuhi nakabadilisha, gari isije ikanilalia njiani Segera wiki hii.