Naomba ushauri: gharama za kuchukua mtoto kwa kafala

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tuko Wete, Pemba, mwaka wa 9 huu wa ndoa, hatujaruzukiwa. Tumekubaliana kulea yatima kwa kafala (ulezi wa Kiislamu wa mtoto usiyemzaa), ile iliyomo kwenye Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011. Mtoto atabaki na jina la babake, na kwa kuwa yeye hatarithi kwetu, tutamuandikia wasia ndani ya thuluthi ya mali yetu. Hilo tushalimaliza na shekhe wetu.

Kinachotushinda ni pesa. Mume mvuvi, mimi nauza maandazi. Kila safari ya Unguja ni nauli ya boti watu wawili, kulala kwa shemeji (na shemeji naye ana maneno), vipimo vya afya, vivuli vya vyeti. Wakili mmoja katutajia bei, nikamuomba arudie nikidhani sikusikia. Na mikarafuu yetu mwaka huu haikuzaa.

Aliyepitia njia hii anijuze: wakili ni lazima, au Ustawi wa Jamii wanatosha? Zaka inafaa kwetu walezi, au ni ya mtoto tu? Kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopa) kinakopesha, lakini kwa riba, mume hataki hata kusikia. Wapi nitapata mkopo usio na riba kwa jambo kama hili?