Tupeane uzoefu: wikendi ya Mombasa kwa marafiki

Mwenye Mada
Habari zenu. Mtu anatoka Nairobi Ijumaa, analala kwa marafiki Mombasa, Jumatatu anarudi. Jua, bahari, maongezi, hakuna haraka. Mliozoea njia hiyo semeni: treni ipi, kutembea wapi, na kitu gani huharibu safari.

Mzee wa Reli
Anza na tiketi, mengine baadaye. Piga *639#, chagua siku na behewa, lipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 economy ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Andika jina na namba ya kitambulisho kama vilivyo, maana vinaangaliwa pale Syokimau, stesheni ya Nairobi. Kata ya kurudi papo hapo. Jumapili na Jumatatu viti huisha mapema.

Fika saa nzima kabla. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, watu wanasogea kando, mbwa wananusa, kisha ndiyo mashine ya ukaguzi. Seti ya visu unayompelekea rafiki zawadi itabaki hapo, na pombe vilevile.

Bin Tudor
Panda ya saa 9 alasiri. Inafika mnamo saa 2 usiku, mwenyeji bado yuko macho na chakula hakijapoa. Ya saa 2 asubuhi inasimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingine, ila Tsavo unaiona mchana kweupe.

Abiria wa Usiku
Ya saa 4 usiku ndiyo ya mtu mwenye kazi. Unamaliza siku ofisini, asubuhi uko pwani.

Bin Tudor
Kaka, asubuhi gani? Inaingia Miritini, stesheni ya Mombasa, saa 9 na ushei, giza totoro, na Miritini si mjini. Mwenyeji aamke aje kukuchukua, au ubishane bei na madereva kumi waliokuzunguka. Halafu viti vya economy vinatazamana, vitatu huku viwili kule, havilazwi nyuma. Unafika shingo imekaza, Jumamosi yote unasinzia kwenye makochi ya watu.

Abiria wa Usiku
Mwenyeji wa kweli haoni taabu kuamka.

Mama Nyali
Anaona, mwanangu, ila hasemi.

Bi Kibokoni
Marafiki wakiwa ng'ambo ya kivuko cha feri cha Likoni, nisikilizeni kwa makini, maana nikisikia "hakuna haraka" moyo unanienda mbio.

Saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, kila aliyeshinda kazini kisiwani anarudi kusini. Mtembea kwa miguu halipi, gari linalipa. Mnangoja bandani, geti likifunguliwa watu wanamwagika mteremkoni kama mahindi yaliyopasuka gunia. Sanduku la magurudumu ndilo hatari yenyewe: gurudumu linanasa pale bamba la feri linapokutana na saruji, aliye mbele anainama kulinasua, walio nyuma hawaoni, wanazidi kusukuma. Hapo ndipo watu huanguka. Bamba lenyewe ni chuma, muda wote limelowa, na viatu vya soli laini vinateleza. Maji yakipwa, mteremko unakuwa mrefu na mkali zaidi, na gari za chini zinagonga tumbo zikitoka.

Kwa hiyo begi liwe la mgongoni, ulivalie kifuani. Mtoto abebwe, asishikwe mkono tu. Simu mfukoni ndani kabisa. Kuvuka ni kama dakika 10. Foleni ndiyo inayokula saa, hasa meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini, maana feri lazima ipishe.

Mwenye gari: breki ya mkono, gia, vioo chini, milango isifungwe kwa loki. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia, mama na binti yake mdogo wakafa. Zilipita karibu wiki mbili ndipo wakatolewa. Nawasihi, msikae ndani ya gari feri ikitembea.

Mama Nyali
Allah awarehemu.

Mtoto wa Likoni
Kweli tupu, bibi. Vuka saa 4 asubuhi au baada ya saa 2 usiku, mambo shwari.

Dereva wa Ukunda
Mbona mnamtisha mgeni? Anayekwenda Diani hana haja ya feri. Akishuka Miritini ashike barabara ya Dongo Kundu, madaraja ya Mwache na Mteza anayavuka kwa gari, anatokea Kibundani, upande wa kusini.

Mtoto wa Likoni
Na rafiki akiwa Shelly Beach, hapa hapa Likoni? Umzungushe kilomita zote hizo na nauli alipe nani?

Dereva wa Ukunda
Nimesema Diani. Soma tena.

Mwenye Mada
Jamani, turudi kwenye kupumzika. Bahari je?

Bin Tudor
Tazama mwezi kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: maji hujaa karibu saa 10 jioni, hupwa karibu saa 4 asubuhi. Mgeni anayefika Nyali au Bamburi saa 4 siku hizo anakuta mchanga na mwani hadi mbali, analalamika bahari imekauka. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo kuogelea panga jioni, na asubuhi hiyo tembea miambani ukiwa na viatu, kuna wanyama wadogo wa baharini wa miiba mieusi. Ukimkanyaga mmoja, mwiba unakatikia ndani.

Mama Nyali
Asubuhi mwende Fort Jesus kabla ya saa 5, jua halijapanda. Kisha Mji wa Kale kwa miguu, vichochoro vina kivuli. Mgeni asile kifungua kinywa kizito kama mmealikwa: mahamri na mbaazi za nazi zinashibisha mpaka alasiri. Mlangoni hodi, viatu nje, wazee waamkiwe kwanza. Ijumaa mchana msibishe hodi, watu wako msikitini. Jioni Lighthouse, pale kando ya bahari: dafu, mihogo ya kukaanga, viazi karai na ukwaju, mketi huko hadi upepo uwaburudishe.

Abiria wa Usiku
Na mkono mtupu?

Mama Nyali
Lete viazi, karoti na matunda damu ya bara. Halua tunayo wenyewe.

Mzee wa Reli
Siku ya kurudi, tokeni kisiwani saa mbili kabla ya treni. Pale Changamwe, njiani kwenda stesheni, malori ya bandari yakifunga barabara, hata tuktuk haipenyi.