Mrejesho: uvimbe mgumu pajani ni mfupa ulioota ndani ya msuli

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu uvimbe mgumu uliobaki pajani mwangu wiki 5 baada ya kupigwa hapo kwa goti mchezoni, nikihofia kuwa ni saratani. Eksirei imeonyesha mfupa unaoota ndani ya msuli wenyewe: damu ilivilia pale, na seli zilizopaswa kukarabati msuli zikajenga mfupa. Daktari alinionyesha ukingo mweupe, mwembamba kama ganda la yai, huku katikati pakiwa hafifu, akaeleza kwamba mpangilio huo husaidia kuutofautisha na saratani ya mfupa, ambayo kwa kawaida huwa ngumu zaidi katikati. Kilichoniuma ni kujua kwamba kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo, nilikokudhani kuwa tiba, huweza kuchochea hali hii. Sasa nakunja goti taratibu hadi maumivu yanapoanza, wala silazimishi. Upasuaji utafikiriwa tu iwapo mfupa utakomaa, jambo linaloweza kuchukua miezi 6 hadi 12, na bado ukazuia goti kukunjika. Wengi hawafikii hapo. Uliyenisihi niache kukandwa, nakushukuru kwa dhati.