Msisingizie upepo wa bahari: seli za haidrojeni mnazotufungia hazijabanwa sawasawa

Wadau wa Lamu, Mokowe na Malindi, uzi huu ni wa hasira.

Kila seli ya haidrojeni (kifaa kinachogeuza haidrojeni na hewa kuwa umeme) ikifungwa huku kisha ikazimika, fundi wa muuzaji ana jibu moja: "Ni unyevu wa pwani." Uongo! Utando wa seli hizi, ngozi nyembamba ya plastiki iliyo katikati, hupitisha protoni (chembe za haidrojeni zenye chaji) ukiwa umelowa. Ukikauka ndipo unapogoma. Unyevu wetu ni msaada. Chumvi ni adui kweli, kwani sodiamu hukalia nafasi za protoni ndani ya utando, na kinga yake ni chujio kwenye mdomo wa feni. Lakini chumvi hula polepole. Seli inayoporomoka siku ya kwanza imeuliwa na spana.

Tuanze na gasketi, fremu inayozuia gesi isivuje kingoni. Karatasi ya kaboni inayokaa kati ya utando na bamba linalopitisha gesi na umeme, ile ya kawaida, ina unene wa milimita 0.19. Inatakiwa ibanwe ipungue asilimia 20 hivi, na gasketi ngumu ndiyo inayoamua bamba lishuke mpaka wapi. Gasketi ya 0.15 inakupa asilimia 21. Sasa mtu anakata mpira wa 0.25 uliokuwepo dukani: bamba haliigusi karatasi vizuri, na mguso mbovu ni ukinzani kwa umeme. Kipande cha sentimita mraba 1 kikipitisha ampea 1, ukinzani wa omu 0.1 unakula volti 0.1, na seli ikiwa kazini inatoa 0.6 au 0.7 tu. Mwingine anaweka 0.10: karatasi inapondwa karibu nusu, vitundu vya kupitisha hewa vinaziba, nyuzi za kaboni zinakatika na kutoboa utando wenye unene wa 0.05. Haidrojeni ikishavuka upande wa pili, utando huo ni wa kutupa.

Halafu kukaza bolti zinazobana seli nzima. Bolti kavu ya M6 (kipenyo milimita 6) ikikazwa niutoni-mita 5 inavuta karibu niutoni 4,000. Zikiwa 8, ni zaidi ya tani 3! Ukizipaka grisi, kipimo kilekile cha spana kinazaa nguvu kubwa zaidi, maana msuguano umepungua. Nyinyi mnaokaza "mpaka ikatae", mnajua mmeweka tani ngapi? Tumieni spana ya kipimo, mkaze kwa mshazari, kwa mizunguko mitatu: theluthi, theluthi mbili, kisha kamili. Seli ikipata moto mara ya kwanza na kupoa, pimeni tena. Na washa za springi, zile pete za bolti zinazonyumbulika, si pambo: utando ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na bila springi mbano unapanda na kushuka nao.

Mabamba ya mwisho ya alumini, yanayofunika seli pande zote mbili, ndiyo yanayotuudhi kuliko yote. Bolti ziko pembeni, basi bamba jembamba linajikunja kama upinde, kingo zimebanwa na katikati pamelegea. Wekeni filamu ya kupimia mbano, inayobadilika rangi ikibanwa. Ikibaki nyeupe katikati, tafuteni bamba nene zaidi. Mifereji ya gesi iliyochongwa kwenye mabamba yanayogusa karatasi nayo, milimita 1 kwa upana inatosha. Ukiipanua sana, karatasi inazama ndani. Ukinenepesha matuta yaliyo kati ya mifereji, maji yanayozalishwa na seli yanalala chini ya matuta hayo.

Mita itawaumbua. Bila mzigo, seli moja nzima inasoma volti 0.95 hivi. Ikiwa chini ya 0.8, tafuta kwanza gesi inayovuja. Volti zikishuka kwa mstari mnyoofu kadiri ampea zinavyopanda, mguso ni mbovu au utando umekauka. Zikienda vizuri kisha zikaanguka ghafla kwenye mzigo mkubwa, maji yameziba.

Wauzaji, tunataka karatasi ndani ya sanduku: unene wa gasketi, kipimo cha kukaza, bolti ziwe kavu au na grisi, na mpangilio wake. Asiyeitoa, mteja asimlipe salio. Na kabla ya kuingiza haidrojeni, jazeni naitrojeni mbele ya mwenye mali, mfunge vali, mtazame geji. Mshale ukishuka, fungueni muanze upya, kwa gharama yenu.