Mjadala: Kansa iliitwa vidonda vya tumbo miezi nane. "Hata tungegundua mapema asingepona", huu ni utetezi au kejeli?

Mleta Mada:
Wakuu habari za saa hizi. Hii ishu nimekaa nayo mwezi mzima inanila, nimeona niilete tujadili bila kutukanana.

Mama yangu mzazi alianza na tumbo. Chakula kinamkataa, vijiko vitatu kashiba. Hospitali wakasema vidonda vya tumbo, akapewa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, akapata nafuu wiki kadhaa, ikarudi, tukarudi, akaongezewa dozi, tukarudi tena akabadilishiwa dawa, yani mara tano ndani ya miezi nane na hakuna hata mmoja aliyesema huyu mama apitishwe kamera tuone kuna nini huko ndani. Mara ya sita tukakuta daktari mwingine zamu, kijana tu. Akamvuta kope la chini, akaangalia kama damu imepungua, akamuuliza mama unatapika? Hakumaliza hata kuandika historia, akachomoa fomu ya rufaa. Kamera ikapita, kinyama kikakatwa kikapimwa, kansa ya tumbo, na kwenye ini imeshafika. Tulikaa naye wiki kumi na moja.

Nikaenda kwa wakili. Kanisikiliza vizuri tu halafu akaniuliza: unaweza kuthibitisha kwamba wangegundua mwezi ule wa kwanza angepona? Nikamwambia we ni wakili wangu au wa hospitali. Akasema hospitali watajitetea "hata tungegundua mapema asingepona", kwa hiyo hilo swali utaulizwa tu, bora uanze kulisikia kwangu.

Sasa hoja yangu hii hapa. Tuseme mama alikuwa na nafasi thelathini kwa mia ya kupona na uzembe wa mtu ukaifuta. Zile thelathini zilikuwa zake. Aliyezipoteza alipe thelathini. Sidai mia, ila sikubali sifuri. Nakosea wapi?

Dokta wa Zamu:
Pole sana kwa msiba ndugu yangu. Naandika kama daktari na najua mawe yanakuja.

Ukishajua jibu, njia yote nyuma yako inaonekana nyeupe peee. Sisi tunakutana na mgonjwa kabla ya jibu. Asubuhi benchi limejaa watu arobaini, nusu yao wameshika tumbo, na karibu wote kweli ni asidi au bakteria, sio kansa. Ukimpeleka kila mmoja kwenye kamera foleni inakuwa ya miezi, na yule mwenye kansa anasubiri nyuma ya watu wenye kiungulia. Na kamera yenyewe sio uji, mara chache inatoboa ndani.

Halafu kitu wengi hawajui, omeprazo inaweza kupoza hata kidonda cha kansa kwa muda. Kwa hiyo ile nafuu ilimdanganya mgonjwa na ikamdanganya daktari pia. Kukosea ugonjwa peke yake sio uzembe jamani. Mkianza kutulipisha kwa asilimia kila daktari ataandika vipimo vya kujilinda yeye, na anayelipia hivyo vipimo ni nyie.

Mama Wawili:
Dokta mara ya kwanza nakubali. Ya pili sawa. MARA YA TANO bado benchi lilikuwa limejaa?

Kanzu Nyeusi:
Ngoja nitenganishe vitu viwili maana mnavichanganya, na mahakamani ndipo watu wanapoangukia hapo.

Cha kwanza, kulikuwa na uzembe? Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Waingereza zinaanzia kesi ya Bolam ya 1957: daktari sio mzembe kama alichofanya kinakubalika kwa kundi la madaktari wenzake wanaoaminika. Watu walilalamika miaka na miaka kwamba hapo madaktari wanajipimia wenyewe mtihani, mpaka 1997 kwenye Bolitho majaji wakasema sawa tutawasikiliza wenzake, lakini maoni yao lazima yawe na mantiki, yasipokuwa nayo tunayatupa. Kwa hiyo dokta wetu hapo juu hawezi kuja na wenzake watano waseme "sisi wote huwa tunafanya hivi" ikaishia hapo.

Cha pili ndo kilichomkuta mleta mada: huo uzembe ndo ulioleta madhara? Kuna kesi ya Barnett, Uingereza hukohuko. Walinzi watatu wa usiku wamekunywa chai, wanatapika, wakaenda hospitali. Daktari hakushuka hata kuwaangalia, akamwambia nesi kwa simu warudi nyumbani wakaite madaktari wao. Mmoja akafa masaa machache baadae, chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema wazi kabisa, huu ni uzembe. Na mjane hakupata kitu! Sababu hata wangempokea palepale ile dawa ya kuondoa sumu isingemfikia kwa wakati.

Mama Wawili:
Yani hakushuka hata ngazi halafu hakuna kitu? Hiyo sheria imeandikwa na nani, shetani?

Kanzu Nyeusi:
Haha. Ila kwenye Barnett angalau hakuwa na nafasi kabisa, kwa hiyo mimi naielewa. Inayoniuma ni ya Gregg dhidi ya Scott, 2005. Jamaa ana uvimbe chini ya kwapa, daktari akasema ni mafuta tu hayo. Ilikuwa limfoma, kansa ya tezi. Matibabu yakachelewa miezi tisa hivi, na mahakama ikakubali kwamba nafasi yake ya kupona ilishuka kutoka 42 kwa mia hadi 25. Akashindwa, majaji watatu kwa wawili. Maana kanuni inataka uonyeshe kwamba *kuna uwezekano zaidi ya nusu* kuwa ungepona. Ukianza na 42 hujafika nusu, basi kisheria ulikuwa mgonjwa wa kufa toka mwanzo.

Kabla yake kuna mtoto wa miaka 13, kesi ya Hotson, 1987. Kaanguka kwenye mti, nyonga imevunjika, hospitali haikuona, wakaja kuona siku tano mbele, nyonga ikaoza mfupa. Jaji wa kwanza akasema kulikuwa na robo ya nafasi ya kupona akampa robo ya fidia, ndo hesabu hiyohiyo ya mleta mada. Ngazi ya juu wakaifuta robo yote.

Mleta Mada:
Hapo sasa! Mwenye 51 anakula zote, mwenye 49 anatoka mikono mitupu, na daktari aliyezembea ni yuleyule na uzembe ni uleule. Maana yake ukija umeshachoka, unaruhusiwa kuzembewa bure. Na kwenye hizi kansa za tumbo zinazojificha nani anakuja na zaidi ya nusu? Wachache.

Dokta wa Zamu:
Lakini hizo asilimia mnazitoa wapi? Sisi tunazo takwimu za makundi, waliogunduliwa hatua ya kwanza wangapi wanafika miaka mitano, hatua ya pili wangapi. Mama yako hakuwa kundi, alikuwa mtu mmoja, na hakuna mtu duniani anayepona asilimia thelathini. Na huyo Gregg mnayemlilia, wakati hukumu ya mwisho inatoka alikuwa bado hai! Aliyepewa 25. Sasa mngemlipa kwa kifo ambacho hakijatokea?

Mleta Mada:
Dokta hiyo ya Gregg imenigusa, sikuijua, na kwa mtu aliye hai nakubali hesabu inakuwa ngumu. Kwangu mimi haikisiwi, kaburi lipo.

Na kuhusu takwimu za makundi, bima ya maisha ukienda wanakukadiria kwa kitu gani? Kwa kundi. Umri wako, sigara yako, ugonjwa wa baba yako. Wewe mwenyewe daktari ukimshauri mgonjwa akubali upasuaji unamwambia "una nafasi sabini kwa mia", unamwambia yeye, hulihutubii kundi. Takwimu zikitumika kumshawishi apande kitandani ni sayansi, zikitumika kudai fidia zinageuka ramli?

Kanzu Nyeusi:
Na kuna sehemu wamekubali hoja yake. Marekani kila jimbo na lake, lakini Washington 1983 waliruhusu kesi ya kansa ya mapafu ambapo nafasi ilishuka kutoka 39 hadi 25, pungufu kidogo tu kuliko ya Gregg. Halafu Massachusetts 2008, kesi ya Matsuyama, na hii mleta mada ikariri maana ni ya kwako kabisa: kansa ya tumbo, mgonjwa analalamika miaka, daktari hapeleki vipimo. Baraza la raia wanaoamua kesi likasema wakati wa uzembe alikuwa na nafasi 37.5 kwa mia. Wakachukua thamani ya kifo chote, dola 875,000, wakazidisha kwa 37.5 kwa mia, ikatoka 328,125. Basi, hakuna muujiza. Na Wafaransa "nafasi iliyopotea" wanailipa zamani tu.

Sista wa Wodi:
Mnabishana daktari na mgonjwa, mmetusahau tunaobeba karatasi. Mimi ni nesi. Ucheleweshaji mwingi niliouona kwa macho yangu daktari alikuwa ameagiza kipimo vizuri tu, na maabara wakapima vizuri tu. Jibu ndo halikufika. Siku moja napanga faili nikakuta jibu la damu limebanwa na pini nyuma ya karatasi ya mapokezi, tarehe ni ya wiki sita nyuma, damu iko chini vibaya, na hakuna saini ya mtu yeyote kwamba kalisoma. Mgonjwa alikuwa ameambiwa "tukikuta shida tutakupigia". Hakupigiwa, yeye akaelewa hana shida. Sasa hapo mtamshtaki nani, pini?

Kanzu Nyeusi:
Hospitali, sista. Taasisi inabeba makosa ya watumishi wake, na inabeba pia utaratibu wake mbovu. Tena hizo ndo kesi rahisi kushinda, hakuna daktari wa kuja kusema jibu lisiposomwa wiki sita ni sawa.

Pimajoto:
Mi naona wote mnapigana uwanja usio wenu. Nyuzilandi toka 1974 wana mfuko, ukiumizwa na matibabu unadai kwenye mfuko na huruhusiwi kumshtaki daktari akulipe fidia. Uswidi nao toka 1975 wana bima ya wagonjwa, swali lao sio nani mzembe, ni je hili lingeweza kuepukika. Daktari haogopi kusema nimekosea, mgonjwa halipi wakili miaka mitano. Kwa nini tusiende huko?

Kanzu Nyeusi:
Naipenda sana ila usiiuze kama dawa ya kila ugonjwa. Hata Nyuzilandi mfuko hauulipii ugonjwa wako wenyewe, unalipia kilichoongezwa na matibabu au kukosa matibabu. Ukifika dirishani bado watakuuliza: kansa ingeua hata hivyo? Swali la wakili wa mleta mada linarudi palepale, limevua tai tu.

Mama Wawili:
"Limevua tai" 😂😂 ila inauma.

Mi nauliza kingine. Hivi mleta mada unataka hela au unataka mtu aseme nimekosea?

Mleta Mada:
Nilivyokwenda hospitali kulalamika mara ya kwanza, sikwenda kudai hela. Niliomba tukae na yule daktari wa kwanza atueleze. Nikaambiwa niandike barua, nikaandika, ikajibiwa na mwanasheria wao mistari minne, ya mwisho inasema hawakubali kosa lolote. Wakili nimemtafuta baada ya hiyo barua. Wangekaa na sisi nusu saa pengine hii mada isingekuwepo, nasema ukweli wangu.

Kanzu Nyeusi:
Basi angalia tarehe. Kila nchi ina saa yake ya kufungua madai, Uingereza kwa mfano ni miaka 3 toka ulipojua au ulipotakiwa ujue, kwingine ni fupi zaidi. Na hiyo saa haisubiri barua zenu zijibiwe. Faili unalo?

Mleta Mada:
Nakala ninayo, nimeazimwa ya wakili, kurasa kama arobaini. Nimesoma maandishi ya madaktari tu, tena nusu hayasomeki.

Dokta wa Zamu:
Acha maandishi ya madaktari. Angalia pembeni, juu kulia, ile sehemu ya manesi wanayoandika presha na joto kabla hajaingia kwa daktari. Kuna kilo? Mtu mzima mwenye "vidonda" anayepungua uzito bila kufunga, anayetapika, au mwenye damu chini, hapaswi kuongezewa dozi, huyo anapelekwa kamera. Hiyo sio akili ya baada ya tukio, hiyo tunafundishwa chuoni. Kama kilo hazikuandikwa, benchi lilikuwa limejaa na mimi namtetea mwenzangu mpaka kesho.

Mleta Mada:
Ngoja.

Mleta Mada:
Zipo. Zote tano, wino mwekundu, mwandiko mmoja.

71. 69. 66. 62. 58.

Sista wa Wodi:
Huyo nesi alikuwa anapiga kelele kwa kalamu jamani.

Dokta wa Zamu:
58.

Sawa. Kwenye asilimia bado nakubishia, hapo sijabadilika. Ila hilo la kwanza, la uzembe, mimi sina cha kutetea tena. Piga picha hizo kurasa tano sasa hivi, tarehe na saini zionekane, kabla hujamrudishia wakili faili. Na kile kinyama walichokata kwenye kamera, maabara huwa wanakihifadhi, omba kwa maandishi wasikitupe, mtaalamu wenu anaweza kukihitaji akikagua upya. Ukitaka mtu wa kukusomea yale maandishi yasiyosomeka, nitumie. Mwandiko wetu tunauelewa wenyewe.